Timbo halirudi nyuma: Kwa nini mwonekano wa data za machimbo huhifadhiwa

KILA siku malori yaliyosheheni kokoto na mawe ya ujenzi huondoka katika matimbo ya Katani, Mlolongo na Lukenya, Kaunti ya Machakos, yakielekea Nairobi na vitongoji vyake ambako majengo mapya hayaishi kuchipuka.

Jiwe likishang'olewa halirudi. Ukingo wa mwamba ulioonekana Januari huenda usiwepo Desemba, kwa kuwa umekwisha kusagwa na kumezwa na nguzo za ghorofa fulani.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujua timbo lilikuwa na umbo gani miaka mitano iliyopita hawezi kwenda kulitazama. Hana budi kutegemea kumbukumbu zilizowekwa wakati huo, na katika machimbo makubwa kote duniani kumbukumbu hizo siku hizi hukaa ndani ya tarakilishi.

Hapo ndipo linapozuka suala ambalo wengi hulidharau, lakini ambalo limebeba fedha, mipaka ya ardhi na hata usalama wa makazi ya watu: namna ya kuhifadhi mwonekano wa data za mgodi, na namna ya kuurejesha baadaye bila kujidanganya.

Mwamba ndani ya tarakilishi

Sehemu kubwa ya mawe magumu yanayochimbwa pembezoni mwa nyanda za Athi na Kapiti ni ya mwamba wa volkeno uitwao fonoliti. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti, kwani bamba la mwamba huo hutoa mlio likigongwa kwa nyundo. Fonoliti ya Kapiti ilimwagika ikiwa uji wa moto takriban miaka milioni 13 iliyopita, ikafunika miamba ya kale zaidi iliyokuwa chini yake.

Mchimbaji anayetaka kuwekeza huhitaji kujua tabaka hilo lina unene gani, linakoma wapi, na ni sehemu gani imeoza kwa maji na jua kiasi cha kutofaa kwa kokoto. Ardhi haina dirisha. Kwa hivyo hutobolewa mashimo membamba ya uchunguzi, sampuli zikatolewa kila baada ya kina fulani, zikapimwa na matokeo yakaandikwa.

Matokeo hayo, pamoja na vipimo vya uso wa ardhi vilivyochukuliwa na wapima ardhi au kwa ndege ndogo zisizo na rubani, huingizwa katika programu za kuunda vielelezo vya migodi. Miongoni mwa programu zinazofahamika ni Surpac, Vulcan, Datamine, Micromine na Leapfrog.

Programu hizo huunganisha vipimo hivyo na kuujenga mwamba upya katika kiwambo. Njia moja inayotumika sana ni kuugawa mwamba katika vitofali vingi vya kufikirika, kila kimoja kikiwa na mahali pake, ukubwa wake na makadirio ya ubora wa jiwe lililomo. Kielelezo cha mgodi mkubwa chaweza kuwa na vitofali vinavyohesabiwa kwa mamilioni.

Si kila timbo la Machakos linahitaji mitambo hii. Mchimbaji wa mkono mwenye nyundo na mtaimbo huusoma mwamba kwa macho na uzoefu. Hata hivyo, kadiri matimbo yanavyozidi kupanuka na kukaribia makazi, ndivyo vielelezo vya aina hii vinavyozidi kuwa na uzito katika maamuzi yanayomgusa mwananchi wa kawaida.

Data si mwonekano

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba data na mwonekano ni vitu viwili tofauti.

Data ni zile namba zenyewe: shimo la uchunguzi liko wapi, lilikwenda kina gani, sampuli ilitoa matokeo gani. Mwonekano ni jinsi mtu alivyochagua kuzitazama namba hizo kwa wakati fulani.

Mtaalamu anapoketi mbele ya kielelezo hufanya maamuzi mengi. Huchagua atazame kutoka kaskazini au kutoka angani. Huchagua matabaka ya kuonyesha na ya kuficha. Hupanga rangi, kwa mfano nyekundu iwe jiwe bora na buluu iwe jiwe hafifu. Huweka chujio ili vitofali vilivyo chini ya kiwango fulani visionekane kabisa. Hukata mwamba kama mtu akatavyo mkate, ili aone kilicho ndani. Aidha, huweza kuzidisha kimo ili mteremko mdogo uonekane waziwazi.

Maamuzi hayo yote kwa pamoja ndiyo mwonekano. Kuupanga vizuri kwaweza kuchukua saa nzima, na ndiyo sababu programu nyingi za kazi hii humruhusu mtumiaji kuuhifadhi kwa jina na kuufungua tena siku nyingine kwa kubonyeza mara moja.

Faida yake ni dhahiri. Mwanajiolojia wa zamu ya asubuhi humwachia mwenzake wa jioni mwonekano ule ule, wakazungumza juu ya kitu kimoja. Mhandisi anayepanga ulipuaji wa baruti hufungua mkato ule ule aliouona wiki iliyopita, akalinganisha. Mkaguzi anayefika baada ya miaka miwili huweza kuoneshwa kile walichokiona walioamua.

Mtego wa kurejesha

Mtego uko katika neno kurejesha. Watu wengi hudhani kwamba mwonekano uliohifadhiwa ni kama picha ya kamera, yaani kilichokuwamo siku hiyo kimegandishwa milele.

Sivyo ilivyo. Kwa kawaida kinachohifadhiwa ni maagizo tu: simama hapa, tazama kule, onyesha tabaka hili, paka rangi hii, ficha kile. Data zenyewe hubaki mahali pake katika hifadhi ya mradi. Mwonekano ukifunguliwa tena, programu hutekeleza maagizo ya zamani juu ya data zilizopo leo.

Ikiwa mashimo mapya ya uchunguzi yameongezwa, yataonekana. Ikiwa uso wa timbo umepimwa upya na kuwekwa juu ya ule wa zamani, kitakachoonekana ni uso mpya. Ikiwa tabaka fulani limefutwa au kubadilishwa jina, nafasi yake huenda ikawa tupu. Jina la mwonekano litakuwa lile lile, rangi zitakuwa zile zile, lakini habari itakuwa nyingine.

Ni mfano wa dirisha la nyumba. Anayelifungua kila asubuhi husimama pale pale na kutazama upande ule ule, lakini hakuna anayetarajia kuuona uwanja wa jana.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Tuchukue mfano wa hesabu. Timbo lina urefu wa mita 200 na upana wa mita 150. Iwapo kati ya upimaji mmoja na mwingine limeshuka kwa wastani wa mita 4, mwamba ulioondolewa ni mita za ujazo 120,000.

Sasa tuseme anayefungua mwonekano wa zamani hakutambua kwamba uso wa mwanzo ulibadilishwa na mwingine ulio chini kwa nusu mita tu. Nusu mita katika eneo lile ni mita za ujazo 15,000. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 10, hizo ni safari 1,500 zinazotoweka katika hesabu bila mtu yeyote kuiba wala kudanganya kwa makusudi.

Funzo kutoka Machakos ya 1937

Wakazi wa Machakos wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa wilaya yao ya zamani ni mojawapo ya mahali panapotajwa sana duniani panapozungumzwa habari za kurudi kutazama mandhari yale yale baada ya miaka mingi.

Mwaka wa 1937, R. O. Barnes, afisa wa idara ya kilimo ya serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo katika hifadhi ya Ukambani, akapiga na picha. Zilionyesha vilima vilivyokuwa vipara, makorongo na udongo uliochukuliwa na maji. Katika miaka hiyo, wakoloni wengi waliamini kwamba nchi hiyo ilikuwa ikielekea kuwa jangwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walirudi katika sehemu zile zile na kupiga picha upya. Vilima vilivyokuwa vipara vilikuwa na miti, mashamba na matuta. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1994 katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kiitwacho More People, Less Erosion.

Kilichowashangaza wasomaji ni kwamba katika kipindi hicho watu hawakupungua, bali waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka wa 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka wa 1989, wakati ambapo wilaya hiyo bado ilijumuisha Makueni. Wakulima walikuwa wamechimba matuta kwa mikono yao, yakiwemo yale ya fanya juu, jina la Kiswahili ambalo hadi leo hutumika katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani.

Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu moja: picha za 1937 zilibaki na tarehe na mahali pake. Laiti zingekuwa picha tupu za vilima visivyojulikana, zisingekuwa ushahidi wa kitu chochote.

Hata hivyo, picha zina mipaka yake. Baadaye walijitokeza wasomi waliohoji iwapo ufanisi huo uliwafikia wakulima wote kwa usawa. Picha ya kilima chenye matuta haiwezi kujibu swali hilo, kwa kuwa haionyeshi ni nani aliyenufaika na ni nani aliyeuza shamba. Mwonekano wowote, uwe wa kamera au wa tarakilishi, huonyesha kile tu kilichochaguliwa kuonyeshwa.

Mita 300 za kupotea

Kuna mtego mwingine unaowahusu moja kwa moja wanaofanya kazi na ramani nchini Kenya.

Ramani nyingi za zamani za nchi hii zilitengenezwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Vifaa vya setilaiti vinavyotumiwa leo, vikiwemo vile vilivyomo katika simu na katika ndege zisizo na rubani, hutumia mfumo mwingine uitwao WGS 84. Namba za mahali pamoja katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300.

Mtu akirejesha mwonekano wa kale uliojengwa juu ya ramani ya Arc 1960, kisha akauwekea vipimo vipya vya setilaiti bila kubadilisha mfumo, timbo litahama. Litaonekana kuwa karibu na nyumba zilizo mbali nalo, au mbali na nyumba zilizo ukingoni mwake. Yote mawili ni hatari. La kwanza huzua ugomvi usio na msingi, na la pili huficha madai ya haki ya mtu ambaye kuta zake zinapasuka kila baruti inapolipuka.

Kimo nacho kina mtego wake. Setilaiti hupima kimo kutoka katika umbo la dunia la kihesabu, ilhali ramani hupima kutoka usawa wa bahari. Katika maeneo ya Nairobi na Machakos tofauti kati ya vipimo hivyo viwili hupita mita 10, kiasi cha kutosha kufanya timbo lionekane limejaa au limechimbwa kupita kiasi.

Ndiyo sababu mwonekano uliohifadhiwa bila kutaja mfumo wa vipimo ni sawa na barua isiyo na anwani.

Fedha na haki ya kujua

Mwananchi aweza kuuliza: Haya yanamhusu nini mtu asiyemiliki tarakilishi wala timbo?

Yanamhusu kwa sababu ya fedha. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka wa 1940, inaagiza kwamba mrabaha unaotokana na madini ugawanywe, asilimia 70 iende kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Asilimia 10 ya kiasi kilichopimwa vibaya ni sehemu iliyopimwa vibaya.

Yanamhusu pia kwa sababu ya mazingira. Chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999, uchimbaji wa matimbo hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari zake, na maoni ya umma yasikilizwe. Kwa uchimbaji wa mchanga, ambao ni kilio cha miaka mingi katika mito ya msimu ya Ukambani, halmashauri ya NEMA ilitoa mwongozo wa kitaifa mwaka wa 2007.

Katika mikutano ya umma ya aina hiyo, wananchi huweza kuoneshwa picha nzuri zenye rangi. Picha hizo ni mionekano iliyochaguliwa na mtu. Data zile zile zaweza kutoa picha mbili zenye kushawishi kinyume: chujio likipandishwa kidogo, sehemu kubwa ya mwamba hutoweka katika kiwambo na mradi huonekana mdogo; likishushwa, mwamba huonekana mkubwa na mradi huonekana wenye neema.

Kwa hivyo anayehudhuria mkutano ana haki ya kuuliza maswali manne mepesi. Data hizi ni za tarehe gani? Ni tabaka gani limefichwa? Rangi na chujio vimewekwa katika kiwango gani? Je, mwonekano huu waweza kufunguliwa tena mwaka ujao tukaulinganisha na hali itakayokuwapo? Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali.

Uzuri wa picha si ukweli wake

Ulimwengu wa migodi umewahi kulipa gharama kubwa kwa kuamini picha kuliko chanzo chake. Mwaka wa 1997 kampuni ya Bre-X ya Canada iliporomoka baada ya kubainika kwamba sampuli kutoka Busang, nchini Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Vielelezo vilivyojengwa juu ya sampuli hizo havikuwa na kosa la hesabu. Kosa lilikuwa katika mzizi.

Baada ya kashfa hiyo Canada iliweka kanuni kali za kutangaza akiba ya madini, zilizoanza kutumika mwaka wa 2001. Australia ilikuwa tayari na mwongozo wake uitwao JORC tangu mwaka wa 1989. Kanuni za aina hizo humtaka mtaalamu anayetambulika aweke jina lake katika makadirio na aeleze data zilitoka wapi na zilipimwaje.

Kwa maneno mengine, mwonekano hauwezi kuwa bora kuliko data zilizouzaa.

Utaratibu unaofaa

Ofisi inayotaka kuepuka mitego hii haihitaji mitambo ya ziada, bali nidhamu.

Kwanza, kila mwonekano upewe jina linaloeleza jambo. Jina kama "mwisho" au "mpya" halimsaidii mtu. Jina linalotaja sehemu ya timbo, upande unaotazamwa na tarehe ya upimaji humwongoza hata mgeni.

Pili, upimaji mpya usifute wa zamani. Uso wa timbo wa kila tarehe uwekwe peke yake, ili mwonekano wa Machi uendelee kutazama uso wa Machi.

Tatu, uamuzi mkubwa unapofanywa, kama vile kuomba leseni, kulipa fidia au kusogeza mpaka, mradi mzima unakiliwe pamoja na data zake na kuwekwa mahali ambapo hauguswi. Nakala hiyo ndiyo iliyogandishwa kweli. Mwonekano peke yake haujagandishwa.

Nne, picha ya kawaida ya mwonekano huo ichapishwe kwenye karatasi au ihifadhiwe kama picha, ikiwa na kipimo, mshale wa kaskazini, maelezo ya rangi na mfumo wa vipimo. Tarakilishi huharibika na programu hubadilika. Mara nyingi mradi uliofunguliwa katika toleo jipya la programu haufunguki tena katika toleo la zamani, na kampuni inayouza programu yaweza kununuliwa na nyingine. Leapfrog, kwa mfano, ilizaliwa New Zealand na mwaka wa 2021 kampuni yake, Seequent, ikanunuliwa na Bentley ya Marekani.

Tano, data ghafi za mashimo na vipimo zihifadhiwe pia katika faili za maandishi matupu, ambazo programu yoyote huweza kuzisoma. Mwonekano waweza kujengwa upya. Data zikipotea, timbo lililokwisha kuchimbwa haliwezi kupimwa tena.

Siku ya kufunga

Umuhimu wa haya yote huonekana zaidi siku mgodi unapofungwa. Kenya imekwisha kuishuhudia siku hiyo: uchimbaji wa mchanga wenye titani wa Base Titanium, katika Kaunti ya Kwale, ulioanza mwaka wa 2013, ulikoma Desemba 2024. Baada ya hapo swali hugeuka. Watu hawaulizi tena kuna madini kiasi gani, bali ardhi ilikuwaje kabla, na imerudishwa kwa kiasi gani.

Matimbo ya Machakos nayo yatafungwa siku moja. Mengine yatakuwa mabwawa ya maji ya mvua, mengine yatafukiwa, na mengine yataachwa wazi yakiwa hatari kwa watoto na mifugo. Wajukuu wa wanaoishi Katani na Mlolongo leo watataka kujua ni nini kilichoondolewa, lini na kwa ruhusa ya nani.

Barnes aliacha picha zenye tarehe na mahali, na zaidi ya miaka 50 baadaye wengine waliweza kusimama alipokuwa amesimama. Anayehifadhi mwonekano wa timbo leo bila tarehe, bila mfumo wa vipimo na bila data zake, anawaachia wajao picha ambayo hakuna atakayejua ni ya wapi wala ya lini.